Uji unaojitia sukari wenyewe: maltosi kwa kimea cha ulezi

Karibuni tena. Leo sukari ya dukani nimeiweka pembeni. Utamu tunaoutafuta umo ndani ya wanga wa uji, na jina lake ni maltosi.

Tuanze na kimea. Ulezi huu, wimbi kwa watu wa Kenya, ulilala majini usiku mmoja, ukachipua siku mbili chini ya kitambaa chenye unyevu, nikauanika juani na kuusaga. Usiukaange! Punje ikichipua hutengeneza amilesi, kimeng'enya kinachokata wanga, na moto mkali hukiharibu.

Pika uji wa mahindi mzito, mwiko usimame. Epua, usubiri upoe hadi nyuzi 60 hivi. Chota kijiko kimoja, weka kwenye kisahani. Uliobaki, tia kijiko cha kimea, koroga.

Tazameni mwiko. Dakika chache tu, umeshalala! Uji unachuruzika, na sijaongeza maji hata tone. Minyororo ya wanga inakatika, na vipande vingi vinavyotoka ni maltosi: glukosi mbili zilizoshikana.

Funika nusu saa, kisha chota kijiko cha pili. Acha vyote viwili vipoe ndipo udondoshee iodini, ambayo hugeuka buluu-nyeusi ikikutana na wanga. Mimi niliwahi kudondoshea uji wa moto, rangi ikagoma, nikailaumu chupa bure. Kumbe joto huificha. Kisahani cha kwanza ni buluu-nyeusi, cha pili hudhurungi: wanga umekatwa. Hivi mwaga, haviliwi.

Wenye maabara, chujeni uji huu kidogo, tieni mmumunyo wa Benedict, dawa ya buluu ya kupimia baadhi ya sukari, mpashe kwenye maji yanayochemka. Buluu inageuka kijani, manjano, hadi nyekundu ya tofali. Sasa ile sukari ya dukani: inabaki buluu. Fomula ni ileile, C12H22O11, ila kwenye sukrosi, yaani hiyo ya dukani, glukosi na fruktosi (sukari ya matunda) zimefungana kwa ncha zile zinazobadili rangi ya Benedict. Maltosi ina ncha moja iliyo huru.

Onjeni uji wa sufuriani, ila baada ya kuuchemsha tena kama nitakavyoeleza. Utamu ni wa mbali, haufikii wa sukari ya mezani. Mwenye kisukari asidanganyike: kwenye utumbo mwembamba kimeng'enya kiitwacho maltesi huigawa maltosi kuwa glukosi tupu, ikaingia damuni upesi.

Kabla ya kuonja na kumimina, rudisha sufuria jikoni, uji uchemke tena dakika kadhaa. Kimea kile kilikuwa kibichi, na juani hakikukaa peke yake, nzi walikuwepo.