Ukishusha Pikapu, Ekseli Nayo Inahama

ZUHURA: Karibuni tena wapenzi wa vyuma vya zamani. Mimi Zuhura, na pembeni yangu kaka Kessy, mikono bado ina grisi.

KESSY: Nimenawa, dada, ila haitoki. Habari zenu.

ZUHURA: Msikilizaji wetu aliyeko Marekani ana pikapu, Chevrolet C10 ya 1969. Ameishusha nyuma kwa inchi 5, kaweka springi za koili fupi. Anasema imetulia, imependeza, lakini tairi la upande mmoja linakwaruza madigadi na lile la pili limezama ndani. Anauliza kama chesisi imepinda.

KESSY: Gari ya umri huo, lolote linawezekana. Lakini kabla ya kuanza kuisingizia chesisi, aingie uvunguni aangalie rodi ya Panhard.

ZUHURA: Wafafanulie wanaoisikia leo kwa mara ya kwanza.

KESSY: Chevrolet C10 nyingi za 1960 hadi 1972 nyuma zina koili. Ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, imeshikwa na mikono miwili mirefu inayotoka katikati ya chesisi. Hiyo mikono inaizuia isiende mbele wala nyuma. Sasa nani anaizuia isiende kushoto na kulia? Koili haiwezi, koili kazi yake kubeba. Ndiyo hiyo rodi: ncha moja imefungwa kwenye chesisi, nyingine upande wa pili, kwenye ekseli.

ZUHURA: Kwa hiyo mwenye GMC, pikapu ndugu ya Chevrolet, ya miaka hiyo asihangaike kuitafuta, maana nyingi zilitoka na springi bapa.

KESSY: Hapo springi zenyewe ndizo zinashika ekseli. Na Chevrolet nao kuanzia toleo la 1973 wakahamia huko huko. Turudi kwenye C10. Ile rodi inazunguka kwenye bolti yake kama mlango kwenye bawaba. Ncha ya ekseli haipandi wima, inachora upinde. Ukishusha chesisi, ncha ya ekseli inabaki juu, rodi inakaa mshazari. Na rodi si mpira, hairefuki. Kwa hiyo inaivuta ekseli kuelekea upande ilikofungwa kwenye chesisi.

ZUHURA: Inaivuta kiasi gani? Maana watu wanadhani ni unywele tu.

KESSY: Tuchukulie rodi ya sentimita 60 iliyokuwa imelala sawa. Inchi 5 tuite sentimita 12. Ekseli inahama milimita 12. Upande mmoja tairi linatoka 12, mwingine linaingia 12. Ukisimama nyuma ya gari unaona tofauti ya milimita 24. Hapo hata jirani asiyejua gari atakuuliza vipi, mbona imekaa upande?

ZUHURA: Basi dawa si anunue rodi ya kurekebishika, airefushe, ekseli irudi katikati, yaishe?

KESSY: Hapo ndipo wengi wanapoishia, na hapo ndipo tutabishana.

ZUHURA: Tubishane.

KESSY: Ukirefusha rodi, umeiweka ekseli katikati gari ikiwa imesimama. Mshazari umeuacha pale pale. Ingia barabarani, ekseli ipande sentimita 5 kwenye tuta: rodi iliyolala sawa itaihamisha milimita 2. Hii yako ya mshazari itaihamisha milimita 12 hivi. Umerekebisha picha, hujarekebisha mwendo.

ZUHURA: Mimi nasema kwa gari ya maonyesho ya Jumapili, picha inatosha.

KESSY: Mpaka siku ameweka tairi pana. Na nyuma itakuwa inacheza kila akipita kwenye bonde, atadhani shokapu zimekufa.

ZUHURA: Haya, nimekubali nusu. Afanyeje?

KESSY: Rodi ilale. Ama apandishe kishikio cha upande wa chesisi, ama ashushe cha upande wa ekseli. Vishikio vya kazi hiyo vinauzwa tayari kwa C10. Halafu, kama nafasi ipo, aweke rodi ndefu zaidi, maana upinde wa rodi ndefu ni mpole. Ile hesabu ya milimita 12, kwa rodi ya mita 1 inashuka hadi 7. Urefu wa kurekebisha unakuja mwisho, kwa ajili ya zile milimita zilizobaki.

ZUHURA: Na kuna wale wa mfumo wa Watt, ule wa James Watt wa 1784, uliotokana na injini ya mvuke.

KESSY: Rodi mbili na kipande kinachozunguka katikati, ekseli inapanda karibu wima kabisa. Mzuri sana, lakini gharama na uchomeleaji! Magari ya NASCAR, yale mashindano ya mbio za magari ya Marekani, yaliyokuwa yakitumia mikono ya nyuma ya aina hii ya C10 yalikuwa na rodi ya Panhard tu, na fundi aliirekebisha kwa spana kupitia kioo cha nyuma gari likiingia kituoni.

ZUHURA: Huku kwetu tunainua badala ya kushusha, ila Land Cruiser 80 iliyoinuliwa ina tatizo hilo hilo: rodi inainama upande wa pili, ekseli inahama. Sasa vipimo. Hapa watu wanaharibu.

KESSY: Wanapima gari ikiwa kwenye jeki! Ukiinulia chesisi, ekseli inaning'inia, kipimo chote uongo. Gari ikae kwa matairi yake, sakafu iwe sawa, itikiswe itulie. Uning'inize timazi kwenye ubavu wa chesisi, upime kwa tepu mpaka ukingo wa rimu, kushoto na kulia. Usipimie madigadi, bodi ya zamani yenyewe huenda haijakaa katikati ya chesisi.

ZUHURA: Kushoto ukipata milimita 150 na kulia 130?

KESSY: Tofauti 20, ekseli irudi nusu yake, 10. Wengi wanairudisha 20, inakwenda kukaa upande wa pili. Na bolti za bushi za mpira, zile za ncha za rodi, zikazwe mwisho, gari ikiwa chini na uzito wake. Ukizikaza ekseli inaning'inia, mpira unabaki umejikunja, unapasuka mapema.

ZUHURA: Akishaweka sawa na nyuma bado haifuatani na mbele?

KESSY: Hiyo sasa ni mikono, si rodi. Upande mmoja ekseli imetangulia. Apime kutoka bolti ya mbele ya mkono hadi kwenye ekseli, pande zote mbili.

ZUHURA: Atutumie namba zake, na picha ya rodi ikiwa imewekewa pima maji. Tunapumzika kidogo, tukirudi ni mabomba ya breki.