Hodi Mbele ya Mashine

ZUHURA: Assalaam alaikum, msikilizaji, na karibu katika kipindi chetu kinachorekodiwa hapa Lamu, hatua chache kutoka Usita wa Mui. Mimi ni Zuhura, niko pamoja na ndugu yangu Athman, na leo tunazungumzia namna vyombo vya kisasa vinavyompokea mteja.

ATHMAN: Waalaikum salaam, Bi Zuhura. Nimelitaka jambo hili kwa sababu ya yaliyomfika shangazi yangu mwezi uliopita. Alikuwa na miadi ya daktari Mombasa, nikamkatia tikiti ya basi kwa simu, na kampuni ikamtumia ujumbe wa Kiswahili wenye jina lake na nambari ya kiti chake, uliosema kwamba basi litaondoka Mokowe, kule bara, "saa 7:00". Shangazi ni mtu wa saa za Kiswahili, na saa saba kwake ni mchana. Alimaliza shughuli zake za asubuhi, akashuka gatini mapema kabla ya adhuhuri, akavuka kwa boti, na alipofika Mokowe akaambiwa kwamba basi lilikwisha kuondoka tangu saa moja asubuhi.

ZUHURA: Na nauli je?

ATHMAN: Nauli ilipotea, na miadi ikapotea. Lakini kilichoniuma zaidi ni maneno aliyoambiwa pale dirishani, kwamba ujumbe ulikuwa wazi na yeye ndiye hakuusoma. Aliusoma, Bi Zuhura. Aliusoma kama Kiswahili kinavyosomwa.

ZUHURA: Pole yake. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, na kwa kuwa Lamu iko digrii mbili hivi tu kusini ya Ikweta, jua huchomoza na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, kwa hiyo hesabu hiyo haimpotezi mtu. Aliyeutengeneza ujumbe ule alifasiri maneno, akaiacha saa bila kuifasiri. Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ni kasoro ya lugha tu, lakini mimi naiona ni kasoro ya usanifu.

ATHMAN: Fafanua hapo, kwa sababu watu wengi wakisikia neno usanifu huwaza rangi na picha za kwenye kioo cha simu.

ZUHURA: Tuanze na mlango. Mwaka 1988 Mmarekani Donald Norman, mtaalamu wa usanifu, aliandika kuhusu milango inayomfanya mtu asukume pale anapopaswa kuvuta, akaeleza kwamba kosa ni la mlango wala si la mtu, na hadi leo wanataaluma huuita mlango wa namna hiyo "mlango wa Norman". Sasa tazama nyumba za mawe za mji wetu mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kabla hujaufikia mlango unalikuta daka, lenye baraza za kukalia pande mbili, ambapo mgeni huketi kivulini akingoja. Ukifunguliwa unaingia tekani, yaani ukumbi mdogo wa nyuma ya mlango, na kutoka hapo huwezi kuwaona walio ndani, kwa kuwa njia imekunjwa kwa makusudi. Mgeni hakusimamishwa juani, na wenye nyumba hawakuvunjiwa sitara yao. Fundi aliyeijenga alijiuliza ni nani atakayekuja, atangojea wapi, na ataona nini akiingia, naye akayajibu hayo yote kwa mawe na chokaa kabla mgeni hajazaliwa.

ATHMAN: Na hodi yenyewe ni sehemu ya usanifu huo. Unabisha, unaitikiwa kutoka ndani, na kwa sauti ile unajua kama umefika nyumba uliyoikusudia. Ndiyo sababu napenda jambo moja katika M-Pesa, iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007: siku hizi ukituma pesa huonyeshwa jina la mpokeaji, ukapewa sekunde chache za kusimamisha muamala. Niliwahi kukosea tarakimu moja, likatokea jina la mtu nisiyemjua kabisa, nikasimamisha papo hapo. Niliitikiwa na sauti ya nyumba nyingine, nikarudi nyuma.

ZUHURA: Nakubaliana nawe, na naongeza kwamba huduma ile inafanya kazi hata kwenye simu ya kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe isiyo na intaneti. Lakini menyu hizi za kubonyeza nyota na nambari zina tabia inayonisikitisha. Ukichelewa kujibu, kikao hukatika na unaanza upya kabisa. Mzee anayetafuta miwani yake ili asome kilichoandikwa hufungiwa mlango akiwa bado anavua viatu. Najua kwamba kuna sababu ya kiufundi, kwa kuwa mawasiliano yale hushikilia njia ya mtandao muda wote yanapoendelea, ndiyo maana yakawekewa kikomo. Hata hivyo, hakuna kinachomzuia mtoa huduma kuyahifadhi yale ambayo mzee ameshayaandika, ili akirudi aendelee pale alipofikia.

ATHMAN: Mama yangu hunipa simu yake nimfanyie, kisha huniambia kwamba yeye hajui mambo haya. Mwanamke aliyeendesha biashara ya nguo kwa miaka mingi bila daftari anasema hajui, na anaamini hivyo kweli, kwa sababu kila mara mashine inapomkatia anajilaumu yeye. Hilo ndilo ninalotaka wasanifu walione.

ZUHURA: Je, shangazi alipata kusafiri hatimaye?

ATHMAN: Alisafiri wiki iliyofuata, ila safari hii hakutaka nimkatie kwa simu. Alikwenda mwenyewe kwa karani wa tikiti hapa mjini, wa kampuni ile ile, na tikiti ikatoka kwenye mashine ikiwa na "7:00" kama mara ya kwanza. Yule kijana akamtazama shangazi, akaigeuza karatasi, akachukua kalamu na kuandika nyuma yake: "Saa moja asubuhi. Uwe Mokowe saa kumi na mbili na nusu."