Saa Sita ya Chai na Mtu wa Kumi

NAOMI: Shabbat shalom ya mapema, jamani. Leo ni Ijumaa, saa kumi kasorobo, tuko sebuleni kwa shemeji Yona hapa Nairobi, Wayahudi wawili wa Uganda. Mkisikia kifuniko cha sufuria kinalia huko nyuma, ni dada yangu na kuku wa Sabato.

YONA: Na saa kumi na mbili na dakika chache huyo dada yako anawasha mishumaa, kwa hivyo leo hatuzunguki. Nina karatasi yangu. Mambo matatu kwa mtu anayeishi na madhehebu mawili ya Kiyahudi chini ya paa moja. Mliomba, nimeandika.

NAOMI: Karatasi tutaifikia. Kwanza asanteni kwa pole zenu. Tumemzika baba mkubwa huko Mbale, Uganda. Wengi wenu mnamjua kwa sauti, ndiye aliyetuimbia zaburi kwa Kiganda kwenye kipindi cha Pasaka. Tumerudi jana usiku, mgongo wangu bado uko kwenye kiti cha basi.

YONA: Alikuwa mzee wa kweli. Mungu amlaze pema.

NAOMI: Amina. Sasa, chai.

YONA: Shemeji, usianze na chai.

NAOMI: Naanza na chai. Jumatatu, siku ya pili ya matanga, nyumba imejaa. Wa kijiji cha Nabugoye, yaani watu wangu, Masorti, Wayahudi wanaokubali mabadiliko kadhaa. Wa kijiji cha Putti, watu wa Yona, Waothodoksi, Wayahudi wasiobadilisha neno. Mtoto mkubwa wa marehemu ni wa Putti, mdogo wake ni wa Nabugoye. Mbuzi amechinjwa na mchinjaji ambaye pande zote mbili zinamkubali, tumekula saa saba mchana. Shemeji yangu huyu akaingia jikoni kwa heshima zote, akawaambia akina mama: chai ya maziwa, saa sita.

YONA: Nilimaanisha baada ya saa sita! Ukila nyama unangoja saa sita ndipo unywe maziwa. Kila mtu pale anajua.

NAOMI: Kila mtu anajua, lakini Kiswahili hakijui. Saa sita ni saa sita. Na kwa Kiganda ni hivyo hivyo, ssaawa mukaaga. Akina mama wakahesabu: mchana imeshapita, basi ni ya usiku. Tumeketi jioni nzima na turungi. Saa sita ya usiku, watu wamelala kwenye mikeka, mama mmoja ananigusa bega na kikombe kinachotoa moshi. "Mwanangu, saa imefika."

YONA: Na chai ilikuwa tamu.

NAOMI: Ilikuwa tamu! Walikuwa wameiweka tangawizi. Waliamka usiku wa manane kwa ajili ya neno lako.

YONA: Hapa nyumbani pia yametupata. Mwanangu alikula kuku saa tano asubuhi, nikamwambia maziwa ni saa sita. Baada ya lisaa limoja amesimama mbele yangu na bilauri. "Baba, imegonga."

NAOMI: Huyo ana haki kabisa. Lisaa limoja ni desturi ya Wayahudi wa Uholanzi. Mpe maziwa mtoto.

YONA: Na Wajerumani saa tatu. Lakini yeye si Mholanzi wala Mjerumani, babake anangoja sita, naye atangoja sita.

NAOMI: Mamake anangoja tatu.

YONA: Mamake akiwa mezani kwangu anangoja sita, na hajawahi kulalamika. Na hilo ndilo jambo la kwanza kwenye karatasi yangu, ukiniruhusu. Anayengoja saa tatu anaweza kungoja sita bila kuvunja chochote. Anayengoja sita hawezi kunywa saa tatu. Kwa hivyo mkikutana, mnakaa pale ambapo wote wanaweza kula. Mbuzi wa Jumatatu alilika na kila mtu kwa sababu hiyo.

NAOMI: Kwenye chakula ninakubali. Niliisha kukubali zamani. Kule matangani nilingoja mpaka usiku wa manane na moyo wangu ulikuwa mweupe. Sasa simulia ya Jumanne.

YONA: Simulia wewe. Yalikupata wewe.

NAOMI: Jumanne jioni. Mvua imenyesha tangu alasiri. Wanaume wengi wamekwama upande wa pili, barabara imekuwa tope. Tunataka kuswali ya jioni ili watoto wa marehemu waseme Kadishi. Kwa wageni wetu: Kadishi ni sala ya waliofiwa, ya Kiaramu, na haina hata neno moja kuhusu kifo. Ni sifa za Mungu tupu. Lakini huisemi peke yako, lazima mko kumi. Hao kumi ndio minyani. Tukahesabu wanaume: tisa. Na mimi niko pale, na Siduri yangu, kitabu cha swala, mkononi. Kwetu Nabugoye mimi ni wa kumi, hakuna mjadala. Masorti walifungua mlango huo mwaka 1973, na kijijini kwetu nimehesabiwa tangu nilipofika umri.

YONA: Na mtoto mkubwa akaomba tungoje.

NAOMI: Akaomba tungoje. Kwa upole, sitasema uongo. Akasema, "Dada, nisamehe, nataka niiseme ya baba bila shaka rohoni." Wakatuma boda kwenda kutafuta mwanamume. Tumengoja zaidi ya lisaa limoja. Boda ikarudi na kijana wa miaka kumi na sita, amelowa, bado ana sare ya shule. Na kijana huyo, Yona, nani alimfundisha alefu na beti, herufi za Kiebrania?

YONA: Wewe.

NAOMI: Mimi. Likizo mbili, chini ya mwembe, nikimshika kidole juu ya herufi. Akaingia yeye, wakawa kumi. Mimi nikarudi nyuma nikasimama na akina mama wa jikoni.

YONA: Nilikuona. Sikuipenda ile sura yako.

NAOMI: Lakini ulikuwa mmoja wa wale tisa.

YONA: Nilikuwa. Na ningengoja tena. Wacha niseme vizuri, maana nimeifikiria safari nzima. Minyani haipimi nani anajua, wala nani alimpenda marehemu zaidi. Kwa sheria tunayoishika sisi, wanawake hawakuwekewa wajibu wa swala zenye saa zake, na anayehesabika ni yule mwenye wajibu. Yule kijana angeweza kuwa hajui hata herufi moja, angehesabika. Mwanamume aliyekuwa pale anazika baba yake. Tukikuhesabu wewe, mdogo wake amesema Kadishi, yeye hajasema. Tukingoja, wote wawili wamesema. Ni ile ile ya mbuzi.

NAOMI: Hapana. Hapo ndipo tunaachana. Mbuzi na sufuria hazina roho. Ukiniambia nisitumie sufuria yangu jikoni kwako, nimepoteza sufuria. Ukiniambia nisihesabiwe, nimepotea mimi. Mimi si sufuria, shemeji.

YONA: Sijasema wewe ni sufuria.

NAOMI: Hesabu yako inasema. Kila mara pande mbili zikikutana, tunachukua njia iliyo ngumu zaidi ili wote waweze. Na kila mara anayelipa ni yule yule. Hujawahi kuamka asubuhi ukaambiwa, Yona, leo kwa ajili ya umoja, kaa nyuma.

YONA: Nimeambiwa mengi. Nabugoye nikienda siwezi kuongoza, siwezi kuitikia Amina mahali fulani, nasimama mlangoni nikisikia swala ya watu wangu wenyewe. Hiyo hailipwi?

NAOMI: Hiyo unaichagua. Hakuna aliyekuondoa. Wewe unaweza kuingia, unaamua kutoingia.

YONA: Kwangu si kuamua. Hapo hutanielewa, na mimi sitaacha kulisema.

NAOMI: Na unajua kumi imetoka wapi? Kitabu cha Hesabu 14:27. Mungu anasema mkutano huu mwovu utanung'unika hata lini, na wahenga wetu wakasema mkutano ni wale wapelelezi kumi walioleta habari mbaya. Wanaume kumi waliokosea! Yoshua na Kalebu, waliosema kweli, hawamo kwenye hesabu.

YONA: Naijua. Na inaniambia kwamba minyani haikujengwa juu ya wema wa mtu. Umenisaidia mimi hapo.

NAOMI: Sijakusaidia.

YONA: Umenisaidia.

NAOMI: Haya. Kuna mahali Yerusalemu, jumuiya inaitwa Shira Hadasha. Wao hawaanzi mpaka wawe wanaume kumi na wanawake kumi. Kila mtu anangojewa. Hilo ningelikubali kesho asubuhi.

YONA: Lakini Jumanne lingetusaidiaje? Wanaume bado ni tisa. Boda bado inatoka kwenye mvua.

NAOMI: Inatoka. Lakini wanawake tulikuwa kumi na nne kule jikoni, nilituhesabu, na angekuja mtu akasema: akina mama, tokeni, tunawangoja ninyi pia. Nisingekuwa nyuma nikikausha vikombe.

YONA: ...Vikombe vya chai ya saa sita.

NAOMI: Vya chai ya saa sita, ndiyo.

YONA: Nisamehe, nimeshindwa kujizuia.

NAOMI: Cheka tu. Marehemu naye angecheka. Alikuwa mtu wa chai yule. Alinisimulia kwamba miaka ya Amin, dini yetu ilipopigwa marufuku, Ijumaa jioni walikuwa wanaweka birika mezani, jirani akibisha waonekane wanakunywa chai tu. Watu elfu kadhaa wa jamii yetu, ile aliyoianzisha Kakungulu, wakabaki kama mia tatu. Unafikiri siku hizo kuna aliyekuwa akimwambia mtu kaa nyuma?

YONA: Huwezi kujua walihesabuje. Mzee hakukwambia hilo.

NAOMI: Hakuniambia. Lakini najua nani walibaki.

YONA: Walibaki bibi zangu pia. Na wale wale walioficha Siduri ndio walionifundisha kutobadilisha neno. Mwaka 2002 marabi wa Masorti kutoka Marekani walipokuja kuwaongoa watu rasmi kuwa Wayahudi, baadhi yetu tulikaa kando tukangoja rabi wa Kiothodoksi, tukaitwa wakaidi. Miaka mingi tumengoja. Boda ya lisaa limoja ni nini?

NAOMI: Na mimi kila Sabato nikiwa hapa Nairobi ninakwenda sinagogi ya Kiothodoksi, naketi upande wa wanawake, na ninaipenda. Usidhani natoka nje nikitema mate. Kuna wimbo mmoja wa kuinua Torati pale, ukianza nasahau kwamba sihesabiwi. Mimi ni wa kote kuwili, kweli kabisa. Ndiyo maana Jumanne iliniuma. Mgeni asingeumia.

YONA: Hilo nimelisikia.

NAOMI: Lakini hubadilishi.

YONA: Sibadilishi.

NAOMI: Wala mimi.

YONA: Unajua kinachonishangaza? Milima ile ile, tangu 2004 kuna ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, Wayahudi na Waislamu na Wakristo wanauza pamoja. Hawajagombana juu ya nani ahesabiwe.

NAOMI: Kwa sababu kahawa ikipimwa kila mtu ni kilo. Mizani haiulizi... Ngoja, ni saa ngapi?

YONA: Saa kumi na moja na nusu! Kuku! Na karatasi yangu bado ina mambo mawili.

NAOMI: Soma haraka.

YONA: La pili ni watoto wa ndoa za madhehebu mawili wafundishwe na nani, hilo haliwezi kusomwa haraka. La tatu nimelifuta safarini, silikubali tena. Tuliache.

NAOMI: Na msikilizaji wa Eldoret aliyeuliza kama wageni wanaruhusiwa Sabato?

YONA: Wiki ijayo. Na siku ya thelathini ya mzee tunarudi Mbale, basi lile lile.

NAOMI: Tukiwa tisa?

YONA: Nitaondoka mapema na boda mwenyewe niwatafute watu, kabla hujafika mlangoni.

NAOMI: Na mimi nitafika kabla yako, niketi mbele. Zima mashine, dada ananiita. Yona, umemwambia mtoto maziwa yake ni saa ngapi leo?

YONA: Nimemwambia kesho asubuhi.