"Uko Ujerumani na bado una pengo?" Leo najibu

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma, na wakubwa wote shikamooni. Leo sina mapishi wala matembezi. Kila nikipandisha video, iwe ya theluji, iwe ya sokoni, komenti ni ileile: "Uko Ujerumani na bado una pengo? Hela unapeleka wapi?" Haya. Najua nikijibu, kuna watakaosema naringa na bima ya wazungu, na kuna watakaosema analialia, si arudi nyumbani. Semeni tu.

Pengo lenyewe ni hili, juu kushoto, jino la chonge. Sikulipatia huku. Nikiwa mchanga kule Mpwapwa niliharisha, homa ikapanda, bibi mmoja akasema ni meno ya plastiki, eti ndiyo yanayoniumiza, nikachimbwa fizi. Mnayajua hayo, na pengine kuna anayenisikiliza sasa hivi kapakata mtoto wa hivyo. Mama, mpeleke zahanati. Kile cheupe wanachokitoa ni jino changa la mtoto, basi. Nyuma yake jino la ukubwani linakuwa limeanza kujijenga, na likiguswa linaweza kuota limeharibika au lisiote kabisa. Langu halikuota. Daktari wa huku aliangalia eksirei, akaniuliza ni ajali gani. Ningeanzia wapi?

Sasa hela. Bima ya afya huku inakatwa kwenye mshahara kabla hujauona. Kung'oa hulipi, kuziba kwa kawaida hulipi. Shughuli ipo kwenye kurudisha jino. Bima inachangia asilimia 60 ya matibabu ya kawaida. Sio ya bili yako, ni ya yale waliyopanga wao kwamba yanatosha. Ukitaka ifike 70, uwe na kijitabu chenye mihuri ya kukaguliwa meno kila mwaka, miaka 5 mfululizo. Asilimia 75 ni miaka 10. Wenzangu waliozaliwa hapa wanagongewa mihuri tangu wana miaka 12. Kijitabu nilichokuja nacho mimi ni kile cha njano cha chanjo.

Halafu kabla ya kuguswa, daktari aandike mpango wa matibabu na gharama, bima iukubali, na ukikubaliwa una miezi 6 ya kuutumia. Wangu ulikubaliwa. Haikupita wiki, simu kutoka nyumbani: upepo umeezua paa la mama. Kaka zangu wapo, wana simu kali kuliko hii ninayorekodia, lakini mwenye mabati ni aliye Ulaya. Na nikaambiwa yawe geji 28, yale mazito, sio 30! Sawa, mama ni mama. Miezi 6 ikapita, mpango ukafa, nikaanza foleni upya.

Nilipewa njia tatu. Jino la kuvaa na kuvua ni nafuu, ila lina vishikizo vya waya vinavyoonekana ukicheka. Daraja ni jino bandia linaloshikiliwa na meno ya pande mbili, na hayo mawili yanasagwa kwanza ndipo yavalishwe kofia, yaani gamba gumu la kufunika jino. Meno yangu mazima yasagwe! Daktari anasema ndio utaratibu, mimi roho imekataa. La tatu ni kupandikiza: skrubu ya titani inazamishwa kwenye mfupa wa taya, unasubiri kama miezi 3 hadi 6 mfupa uishike, ndipo jino linafungwa juu. Bima inatoa mchango uleule ambao ingetoa kwa daraja, kinachobaki ni chako. Kwenye karatasi yangu kinazidi euro 2,000. Pigeni hesabu kwa madafu.

Kuna dada wa Kongwa kaniuliza: jino la nyuma linamsumbua, ang'oe tu yaishe? Dada, mimi sio daktari, na mdomo wako sio wangu. Ila ningekuwa mimi, ningeuliza kwanza kama mzizi unatibika. Wanatoboa jino, wanatoa kiini kilichooza ndani, wanasafisha mifereji mpaka chini, wanaziba. Jino la nyuma likishafanyiwa hivyo ni rahisi kupasuka, ndiyo maana watakutajia na kofia, na hapo bei inaruka. Kaulize hospitali ya rufaa ya mkoa, kaulize na ile ya Benjamin Mkapa, na uwaulize waziwazi kadi yako ya bima inalipia kipi, maana kulipiwa kung'oa sio kulipiwa kofia. Ukiacha pengo, meno ya jirani yanaweza kulalia pale, na la juu yake likashuka. Wapo wanaoishi hivyo miaka na hawana shida, siwezi kukuamulia.

Mimi nabaki na langu mpaka mpango mpya upite. Mwenye bei za daraja na za kupandikiza hapo Dodoma aziweke kwenye komenti, na aseme ni za jino moja au za kazi nzima, nikija likizo nilinganishe.