King'ora cha Jumatatu: nyambizi za nyuklia ninazoishi nazo jirani hapa Plymouth

Asalaam aleikum ndugu zangu, hamjambo nyote. Leo hakuna kupika pilau wala kulinganisha bei za nyanya. Leo nawapandisha feri.

Lakini kwanza nianze na Mama. Jumatatu iliyopita nilikuwa naongea naye kwa simu, yeye yuko Likoni anapepeta mchele, mimi niko kazini kwa yule mzee ninayemtunza. Ghafla king'ora kikalia nje, kirefu, kile cha kukusimamisha nywele. Mama akapiga kelele, "We mtoto, huko kuna vita?" Nikamwambia, "La Mama, wanajaribu tu, kila Jumatatu asubuhi hulia." Akauliza, "Wanajaribu nini?" Hapo nikaanza kumumunya maneno. Mzee wangu hakuinua hata macho kutoka kwenye kikombe cha chai.

Basi leo namjibu Mama: wanajaribu king'ora cha dharura ya nyuklia, cha kambi ya jeshi la majini hapa Plymouth, Uingereza.

Hii ndiyo feri ya Torpoint. Sisi wa Likoni tuna jicho la feri, kwa hivyo tazameni vizuri: hii haina usukani wa kuhangaika na mkondo, inajivuta kwa minyororo iliyolazwa chini ya maji. Hakuna kubebwa na maji kuelekea Kilindini, jamani! Sasa geuza macho upande huu. Kreni zote hizo, kuta zile, majengo yale marefu, ndio Devonport. Kambi kubwa kuliko zote za jeshi la majini Ulaya Magharibi, zaidi ya ekari 650. Nyumba za watu zimeigusa ukuta. Watoto wanapita hapo wakienda shule.

Ndani mna nyambizi zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Huja hapa kutengenezwa, huingizwa kwenye chelezo, maji yanatolewa, mafundi wanaingia. Na kuna zilizostaafu zinazoelea tu. Mwaka 2019 ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali hapa ilizihesabu: 20 zimestaafu nchi nzima, 13 kati yake ziko hapa Devonport, na hakuna hata moja iliyokwisha kuvunjwa. Tisa bado zilikuwa na mafuta ya nyuklia tumboni.

Mnauliza, kwa nini hawakuyatoa? Hapa ndipo nilipokaa chini nikasoma mpaka usiku. Tangu 2004 kazi ya kutoa mafuta ilisimama, kwa sababu wadhibiti walisema vifaa vya chelezoni havijafikia kiwango cha usalama. Wakasema hapana, na hapana ikabaki hapana. Jeshi lina mizinga, lina makombora, na bado kazi ikasimama. Ilianza tena 2023, kwa nyambizi moja inayoitwa HMS Valiant, ambayo ilistaafu 1994. Hesabuni wenyewe. Gharama ya kuzitunza hizo zilizolala, nchi nzima, ilikuwa imeshafika pauni milioni 500 kufikia ile ripoti ya 2019. Kwa hivyo nasema wazi: mkaguzi aliweza kusimamisha, lakini hakuweza kumlazimisha mtu ajenge upya haraka.

Ngojeni kidogo, huyu bwana anataka kupitisha gari lake... Asante, asante. Haya.

Mkaguzi mwenyewe ni nani? Wako wawili, na hapa musichanganye. Wa kwanza ni ONR, ofisi ya udhibiti wa nyuklia ya raia, haiko chini ya jeshi. Sehemu ya kutengenezea nyambizi inaendeshwa na kampuni ya Babcock, nayo ina leseni ya nyuklia kama kituo cha umeme, na leseni hiyo ina masharti 36. Mkaguzi wa ONR anakuja na masharti yake kwapani. Leo anaangalia mafunzo ya wafanyakazi, safari nyingine matengenezo ya mitambo, safari nyingine maandalizi ya dharura: king'ora kikilia kweli, nani anakimbilia wapi? Kisha anaandika, na muhtasari unawekwa wazi. Mimi mlezi wa wazee, natoka Likoni, nausoma kwenye simu nikiwa kitandani. Na si kila mara wameandika sifa. Kwa miaka kadhaa waliiweka Devonport kwenye kundi la maeneo yanayohitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Wa pili anaitwa DNSR, mdhibiti wa usalama wa nyuklia za jeshi. Huyu yuko ndani ya wizara ya ulinzi yenyewe. Kinu cha nyuklia kilichomo ndani ya nyambizi, muundo wake, siri zake, ni mambo yake huyu. Sasa mimi nikiwa mtoto wa Mombasa naona ni kama mwenye matatu kumwajiri trafiki wa kukagua matatu zake. Trafiki anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, sikatai. Ila ripoti za DNSR za kila mwaka zilikuwa zinatolewa hadharani kwa miaka kama kumi, halafu wizara ikafunga pazia. Hilo ndilo linalonikera, kuliko hata king'ora.

Maana makosa yapo. Novemba 2008, maji yenye mionzi yalikuwa yakihamishwa kutoka HMS Trafalgar, bomba la mpira likapasuka, lita 280 zikamwagika, mengine mtoni humu tunamopita. Julai 2012 umeme wa kwenye gati za nyambizi ulipotea, wa kawaida na wa akiba, zaidi ya dakika 90. Mama atasema, umeme kwetu hupotea kila wiki. Ndiyo Mama, lakini kinu cha nyuklia ni kama jiko la makaa: umeshaepua sufuria, makaa bado yanawaka. Kinu kikizimwa bado kina joto, kinataka maji ya kukipoza, na maji yanataka pampu, pampu inataka umeme.

Na hii ya gundi je? Mapema 2023 gazeti moja likatoa habari kwamba kwenye HMS Vanguard, ile inayobeba makombora, mafundi walivunja vichwa vya boliti karibu na kinu, wakavibandika kwa supaglu. Supaglu! Ile ya kubandika kandambili! Wizara ikakubali kwamba ukaguzi ulipata kasoro ya kazi ya zamani, na kwamba imerekebishwa. Yaani fundi wa "usijali bosi, itashika" yuko dunia nzima.

Sasa kuna mtu wa Kilifi aliniandikia kwenye komenti: "Dada, nyuklia ni salama au si salama? Huku Uyombo tumeshapigwa virungu kwa kuuliza." Ndugu yangu, ule mwaka 2024, mlipopinga kujengewa kituo cha nyuklia, nilizitazama picha zenu nikalia. Mimi si mhandisi. Ila ukitaka swali la kuwauliza, waulize hivi: siku mkaguzi akisema simamisha, nani ana uwezo wa kumwambia nyamaza? Na ripoti yake nitaisomea wapi, kwa Kiswahili? Kenya ina mamlaka yake ya udhibiti wa nyuklia, sheria yake ni ya 2019. Wana majibu, au wanapaswa kuwa nayo.

Nilikulia karibu na Mtongwe, kambi ya jeshi letu la majini. Tulichojua ni kimoja tu, usisimame hapo. Hapa nyumba zilizo karibu na kambi hupewa vidonge vya iodini mapema, vya kulinda tezi ya shingoni, na maelezo: ingia ndani, funga madirisha, sikiliza redio. Mzee wangu anaviweka kwenye droo moja na betri na mishumaa.

Haya, feri imefika, nashuka. Mama ameshatoa uamuzi wake: Jumatatu nisimpigie asubuhi, nimpigie jioni.