Kijana Anayejinyima Chakula ili Apendwe

Wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti: jambo hili nimelisema katika mitaa ya Kisumu, Kondele na Nyalenda, na leo nalirudia kwa sababu bado tunawasifu watoto wetu wa kiume wanapojitesa kwa njaa.

Niliketi ufuoni Dunga na kijana wa miaka 23 ambaye mchumba wake alimwacha huku akimcheka kitambi. Alifinyanga tonge la ugali, akalichovya kwenye mchuzi wa samaki wa ngege, akaliinua hadi mdomoni, kisha akalishusha na kulificha chini ya miiba. Nilihesabu matonge saba yaliyofichwa hivyo. Wenzake mezani wakampongeza kwa jinsi tumbo lilivyoingia ndani.

Mtasema kujinyima chakula hivyo, yaani anoreksia, ni ugonjwa wa wasichana wa Ulaya. Richard Morton, daktari Mwingereza, alipoueleza mwaka 1689, mmoja wa wagonjwa wake wawili alikuwa mvulana wa miaka 16! Hata hivyo, hadi mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulihesabu kukoma kwa hedhi miongoni mwa dalili za anoreksia. Mwanamume angekomaje kupata hedhi ambayo hakuwahi kuwa nayo?

Nanyi mnaojinyima ili mpendwe, nisikilizeni vizuri. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwapa wanaume 36 wenye afya, waliojitolea, takriban nusu ya chakula walichozoea, kwa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, wakawa wanalamba sahani na kusoma vitabu vya mapishi kwa shauku, na hamu yao ya kutaka wanawake ikapungua mno. Nilipomwuliza yule kijana wa Dunga kama bado anamtamani yule msichana, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba siku hizi anaota chapati tu.

Kuhusu wanaojidunga sindano za misuli, muda umenitupa mkono, na inaniuma, maana anayejiona mwembamba hata kifua kikiwa kimemjaa ni mgonjwa vilevile.

Basi mama, ukimwona mwanao anakimbilia kuosha sahani yake kabla hujaitazama, usimwambie kwamba amependeza. Mwulize, mkiwa wawili tu, alianza lini kuogopa chakula.