Mashine ilijifunza masikio ya nani?

Baba, mama, na ninyi wanafunzi wa udaktari mliojaa hadi mlangoni, jambo sana.

Nianze na sikio la mtoto wa Katuba, hapa Lubumbashi. Linatoka usaha tangu mvua zianze. Ukichungulia unakuta nta na uchafu, ngoma ya sikio huioni vizuri. Siku hizi kuna programu zinazosoma picha ya sikio na kutamka: zima, au gonjwa. Mimi nazitamani, kwa sababu madaktari wa ORL, yaani wa masikio, pua na koo, ni wachache na vijijini hawafiki. Ila nauliza: zilijifunza kwa masikio ya nani?

Utafiti uliochapishwa 2023 ulitumia picha za Uturuki, Chile na Marekani. Programu zilipopimwa kwa picha za kule kule zilikofunzwa, zilipata wastani wa 0.95, hapo 1 ni kutenganisha wagonjwa na wazima bila kukosea, 0.5 ni kubahatisha. Zilipopewa picha za kwingine, zikashuka hadi 0.76. Lubumbashi haikuwemo hata katika mtihani.

Linaloniuma zaidi ni kipimo cha kusikia maneno. Orodha za Kifaransa, kama zile za Fournier za 1951, humtaka mgonjwa arudie neno alilolisikia. Sasa mchukueni mama wa Kenya, komini yetu ya hapa Lubumbashi, aliyelelewa kwa Kibemba na Kiswahili. Sauti inamfikia, neno halijui, analirudia vibaya. Karatasi inaandika: hasikii. Daktari anayeongea naye atalisahihisha kosa hilo papo hapo. Likishapelekwa kufundishia mashine, nani atalisahihisha? Litaturudia limevaa asilimia, na mama hayupo tena wa kuulizwa.

Kuhusu siri, hapa Kongo tunayo sheria ya dijitali, Code du numérique, ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za mtu binafsi, isomeni. Lakini fikirini sauti ya mgonjwa wa koo iliyorekodiwa ili kufundishia mashine. Futa jina lake, futa mtaa wake. Dada yake akiisikia kwenye simu atamtambua. Basi aombwe ruhusa kwa lugha anayoielewa, kabla ya kurekodiwa.

Ninyi wanafunzi, nawasihi: andikeni kwanza mlichokiona kwa macho yenu, ndipo muwashe programu. Mkipishana nayo, msifute chenu. Wekeni majibu yote mawili kwenye fishi ya mgonjwa, na tarehe, kisha mwiteni arudi baada ya wiki mbili mlitazame sikio tena.